Ngozi ya Mzee Yoeli, na za Wengine

Mzee Yoeli ni fundi seremala wa Mjimwema, hapa Njombe mjini, na ndiye mpiga kinanda wa kwaya yetu tangu mimi sijazaliwa. Ana miaka sitini na miwili. Alizaliwa Bulongwa, kule Makete, akafundishwa kinanda na mwinjilisti mmoja aliyekuwa na kile cha kukanyaga kwa miguu. Alipokuja Njombe kujifunza useremala hakuwa na ndugu wala jamaa, ila alikuwa na nyimbo mia mbili kichwani. Nyimbo hizo zikampatia marafiki, kisha zikampatia mke, maana Lidia, ambaye sisi tunamwita Mama Janeth, alikuwa akiimba sauti ya kwanza na hakupenda mpiga kinanda anayekosea.

Mimi naitwa Ema. Nashona nguo, naimba sauti ya pili. Nasimulia habari hii kwa sababu na mimi iliniingia, tena iliniingia usoni.

Ukitaka kumjua Mzee Yoeli, tazama mikono yake, maana miguu hutaiona, soksi havui. Mwaka jana ilipofika Juni mikono ile ilikuwa imepauka kama mtu aliyetoka kukanda unga akasahau kunawa. Kwenye viungo vya vidole ngozi ilikuwa imeanza kubanduka kama gome la mlingoti, yaani mkaratusi. Yeye hakujali. Njombe mwezi wa sita kila mtu anapauka, alisema, hata ng'ombe. Asubuhi unakuta majani yamekuwa meupe kwa jalidi, na upepo unaotoka milimani unakausha nguo bila jua.

Lakini wengine tulikuwa tunajipaka mafuta. Yeye hapana. "Mafuta ni ya chapati," ndilo lilikuwa neno lake. Alioga asubuhi na jioni, kwa maji ambayo Mama Janeth alisema yanafaa kunyonyolea kuku, akajisugua kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, mpaka ngozi ilie. Akitoka hapo anavaa sweta mbili na koti, basi. Kazini, vanishi ikimganda mikononi, aliitoa kwa petroli. Ameishi hivyo tangu ujana, na mwili wa ujana ulimvumilia. Mwili wa miaka sitini na miwili ulikataa.

Ulikataa siku ya Alhamisi, kwenye mazoezi. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya kwaya yaliyokuwa yafanyike Makambako Jumapili ya kwanza ya Agosti. Mwalimu wetu wa kwaya, Praygod, kijana anayefundisha hesabu shule ya msingi na anayependa nyimbo ngumu kama anavyopenda hesabu ngumu, alikuwa ametuchagulia wimbo ambao mkono wa kulia wa mpiga kinanda haupumziki hata kidogo. Tukaanza. Mzee Yoeli akakosea. Tukatazamana, maana yeye hakosei. Praygod akasema kwa adabu, "Baba, turudie?"

"Turudie."

Akakosea tena palepale. Mara ya tatu Jenifa, ambaye husimama karibu kabisa na kinanda, akapiga kelele, "Jamani, damu!"

Vitufe vyeupe vilikuwa na alama nyekundu. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vilikuwa vimepasuka kwenye kona za kucha, na kila alipobonyeza vilifunguka. Mzee wa watu alikuwa anapiga huku ameuma meno. Tulimtafutia plasta, akafunga, akaendelea, lakini plasta hazina akili ya muziki. Zilishika vitufe viwiliviwili, na kinanda kikawa kinaongea kama mtu mwenye mafua. Tulicheka, na yeye akacheka. Sidhani kama alicheka kwa moyo.

Baada ya hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Alianza kuwashwa mwili mzima. Wakati wa mahubiri alikuwa anajisugua mgongo taratibu kwenye kona ya benchi, akidhani hatuoni. Tukaona. Na watu, nasema na mimi nikiwemo, tukaanza kunong'ona kwamba huenda ni upele, na upele unaambukiza. Benchi lake likaanza kubaki na nafasi. Yeye aliyekuwa akisimama mlangoni baada ya ibada na kumshika mkono kila mtu, sasa alikunja mikono kwapani na kuinamisha kichwa tu, akitoa salamu ya kwetu: "Kamwene. Kamwene." Mama Janeth alituambia baadaye kwamba aliwahi kumkuta karakanani amekaa, randa mkononi, haifanyi kazi, anatazama vidole vyake.

Mwanzoni mwa Julai binti yao wa mwisho, Janeth, alikuja likizo. Janeth ni muuguzi Ilembula. Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwao nampima Mama Janeth kwa ajili ya gauni la sare, kwa hiyo yaliyosemwa niliyasikia mwenyewe, nikiwa na futi kamba shingoni.

Baba mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anajikuna mgongo kwa chanuo. Janeth akaweka begi chini hata kabla ya kunywa chai, akamshika mikono, akaitazama juu na chini, katikati ya vidole, kwenye vifundo, akampandisha mikono ya sweta mpaka kwenye viwiko.

"Baba, hii inawasha zaidi usiku au ukitoka kuoga?"

"Nikitoka kuoga. Usiku kidogo."

"Mama, na wewe unawashwa?"

"Mimi? Hapana."

Janeth akamwachia mikono. "Si upele, Baba. Upele ungekuwa umekaa hapa katikati ya vidole, na Mama angekuwa anajikuna kuliko wewe. Huambukizi mtu."

Mzee Yoeli aligeuka upande wa dirisha akatazama nje, na Mama Janeth akajifanya anarekebisha kitenge. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana Jumapili iliyopita nilikuwa nimehama benchi.

"Sasa niambie," Janeth akasema, "unaoga na sabuni gani?"

"Sabuni."

"Sabuni gani?"

"Sabuni ni sabuni, mwanangu."

Janeth akaingia bafuni, akatoka ameshika kipande cha mche kilicholiwa katikati. "Hii?"

"Inatoa uchafu."

"Inatoa uchafu, halafu inakutoa na wewe. Na maji?"

"Ya moto," akasema Mama Janeth kabla mumewe hajafungua mdomo. "Ya kunyonyolea kuku."

"Na mafuta unapaka?"

"Mafuta ni ya chapati."

"Na vanishi mikononi unatoa na nini?"

Mama Janeth akamtazama mumewe. "Mwambie mtoto."

"Petroli. Kidogo tu."

Janeth akakaa chini kwenye mkeka, kama mtu aliyechoka ghafla. Kisha akaanza kucheka, na kicheko chake kikamwambukiza baba yake. "Baba, ngozi ina mafuta yake ya asili. Kuna watu wamepewa mengi, kuna waliopewa machache. Wewe nadhani ulipewa machache, na hayo machache unayachemsha, unayafua, halafu unayamalizia na petroli. Ngozi ingefanya nini? Imepasuka."

"Unadhani, au unajua?"

"Nadhani. Kesho asubuhi tutajua."

Ya kesho asubuhi sikuyaona. Nilisimuliwa na Mama Janeth huku machozi ya kicheko yakimtoka. Janeth aliwaamuru wote wawili wanawe uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni yake laini isiyo na manukato, wajikaushe kwa kugusagusa na taulo bila kusugua, halafu wakae nusu saa bila kupaka kitu na bila kujishika uso. Mzee Yoeli alisema hiyo nusu saa ilikuwa ndefu kuliko mahubiri ya Pentekoste. Uso ulimvuta, akasema anahisi kama ngoma iliyowambwa. Ilipotimia, Janeth akachana karatasi laini ya chooni, akawabandikia vipande kwenye paji la uso, puani, mashavuni na kidevuni, akabonyeza kidogo, akabandua.

Za Mzee Yoeli zilitoka kama zilivyoingia, kavu. Za Mama Janeth zilikuwa na madoa ya mafuta yaliyotoka puani na kwenye paji, lakini za mashavuni zilikuwa safi. Janeth akasema hiyo ni ngozi mchanganyiko. Halafu akajipima mwenyewe, na karatasi yake ikawa inaonyesha hadi upande wa pili, kama iliyofungiwa maandazi.

"Umeona, Baba? Nyumba moja, chungu kimoja, ngozi tatu. Mimi nikijipaka kama inavyotakiwa wewe ujipake, nitaota chunusi. Wewe ukijitunza kama mimi, utapasuka. Kila mtu na yake."

Kumbuka maneno hayo, maana Mzee Yoeli hakuyakumbuka.

Alichokumbuka ni masharti yake mwenyewe, ambayo Janeth alimwandikia kwenye karatasi, naye akaipigilia misumari ukutani karakanani kati ya msumeno na penseli. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, na asikae bafuni muda mrefu. Sabuni laini, mche ubaki kwa nguo. Akitoka kuoga, mwili ungali na unyevunyevu, apake mafuta ya mgando papo hapo, asingoje ngozi ikauke. Mikono apake kila anaponawa, na usiku apake nene halafu avae soksi kuukuu mikononi kama glovu. Petroli marufuku, vanishi avae glovu za mpira, na ikimshika aifute kwa mafuta ya kupikia kisha anawe. Vidole visipopona kwa wiki tatu, au vikitunga usaha, aende hospitali, asitafute dawa sokoni.

Alinung'unika siku mbili. Maji ya uvuguvugu Julai, Njombe, si jambo dogo, na mtoto wa Makete hapendi kuambiwa kuhusu baridi. Lakini alitaka vidole vyake kwa ajili ya wimbo ule, akatii. Siku ya nne kuwashwa kukapungua. Siku ya nane nyufa zikafunga. Wiki ya pili alikuja mazoezini bila plasta, akapiga wimbo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Praygod akasahau kupiga ishara ya kumalizia, amebaki mikono juu. Mzee Yoeli akainuka akazunguka kwaya nzima anatushika mikono, mmoja mmoja. Mkono wake ulikuwa laini. Nilimwomba msamaha kwa lile benchi. Akasema, "Benchi gani?" nikajua amesamehe, maana anajua kila benchi la kanisa lile, mengi ameyatengeneza yeye.

Hadithi ingeishia hapo kama angekuwa mtu wa kufurahi kimyakimya. Lakini mtu aliyeokoka ukubwani huhubiri kuliko mchungaji. Jumanne iliyofuata alikuja mazoezini na mfuko wa vikopo. Alikuwa amenunua mafuta ya mgando, akayalainisha kwa kuyachanganya na mafuta ya parachichi, akajaza vikopo thelathini na nne, idadi yetu. Akasimama mbele ya kinanda.

"Wapendwa, mimi nilikuwa gogo kavu. Nimejua siri. Maji yasiwe ya moto, na mafuta mpake asubuhi na jioni, mwili mzima, uso hasa. Nene. Msibanie."

Nani angekataa? Mzee ametugawia kwa mikono yake, na mikono yenyewe ni ushahidi. Tukapokea kwa makofi.

Sasa niseme habari ya uso wangu. Tangu nikiwa msichana, ikifika saa sita mchana uso wangu unang'aa hata kama asubuhi sikupaka kitu. Mama yangu alikuwa anasema nimebarikiwa, kwa sababu kwetu mtoto asiyeng'aa watu huuliza kama ana mama. Sikuwahi kufikiri kuwa ule mng'ao ni habari ninayopewa na ngozi yangu. Nikapaka kikopo cha Mzee Yoeli kama siagi kwenye mkate, asubuhi na jioni, nikalala nayo.

Siku ya tano kikatokea kipele kimoja kidevuni. Siku ya kumi na moja nilijitazama kwenye kioo cha wateja nikataka kukigeuza kielekee ukutani. Paji zima lilikuwa limejaa, na puani kulikuwa na kimoja chekundu ambacho mteja wangu alikitazama kuliko alivyotazama gauni lake. Zilikuwa zimebaki siku nane twende Makambako, na mimi ndiye niliyepewa ubeti wa peke yangu.

Mteja yule, kwa wema wake, alinirudia jioni na kikopo kidogo cheupe. "Dada Ema, hii inatoa siku tatu. Na inakung'arisha juu yake." Nikakigeuza. Hakikuwa na jina, wala maandishi, wala tarehe. Nilipokifungua harufu ilipanda mpaka machoni. Nilitamani kukipaka pale pale, sitaki kudanganya. Lakini kabla ya kupaka nilitaka kwanza kumpelekea Mzee Yoeli hasira zangu, maana hasira nazo zilikuwa zimeiva.

Nilimkuta anaranda mlango. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu Ema. Karibu." Kisha akaniona vizuri. Randa ikasimama.

"Hii ni kazi ya kikopo chako, baba."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini nilivyomwona alivyoshtuka nilimaliza yote kwa sentensi moja hiyo. Alivua kofia. Akaweka randa chini, akatoa simu, akampigia Janeth, akaweka sauti kubwa ili nami nisikie. Akamweleza kila kitu bila kujitetea. Upande wa pili tukasikia mtu anacheka mpaka anakohoa.

"Baba, uliwagawia wote? Si nilikwambia kila mtu na yake!"

"Uliniambia. Nikasikia ya kwangu tu."

"Ulisikiliza nusu ya wimbo ukaenda kuupiga kanisani." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazini. "Dada Ema, uko hapo? Uso wako huwa unang'aa mchana?"

"Tangu zamani."

"Basi ni ngozi ya mafuta. Haina kosa, tena watu wa ngozi yako hukawia kuota makunyanzi. Acha hayo ya mgando usoni, paka miguuni na mikononi kama unapenda. Nawa uso mara mbili kwa siku, si kumi, kwa sabuni laini. Ukinawa kila saa ngozi inaona imeibiwa, inatoa mafuta zaidi. Usisugue na dodoki. Usitumbue. Ukimaliza kunawa, paka losheni nyepesi, ile inayonyonywa haraka. Na foronya yako ifue."

"Kuna krimu nimeletewa," nikasema, nikaisogeza karibu na simu kana kwamba ataiona. "Inatoa siku tatu."

"Imeandikwa nini?"

"Haijaandikwa kitu."

"Usiipake hata kidogo. Nyingine zina zebaki, nyingine zina dawa kali ambazo hata sisi hatumpi mtu bila daktari kumwona. Krimu isiyotaka kusema imetengenezwa na nini, itakuja kusemea usoni kwako. Chunusi zako zinataka wiki sita, si siku tatu."

"Lakini Makambako ni siku nane!"

"Basi utaimba na chunusi, dada. Chunusi hazina sauti."

Kikopo cheupe nilikiacha mezani. Mzee Yoeli akakimwaga kwenye vumbi la mbao, akalikunja lile vumbi kwenye gazeti, akalifukia mbali na bustani ya mkewe.

Siku ya mazoezi iliyofuata alikuja na bunda la karatasi za chooni, sabuni laini mbili na penseli yake ya useremala. Kabla hatujaimba alisimama tena pale pale alipohubiri.

"Wapendwa, niliwakosea. Nilifikiri ngozi zenu ni yangu. Wangapi wameota chunusi?"

Mikono ikapanda. Ya kwanza ilikuwa ya Wiliam wa besi, ambaye paji lake sasa lilifanana na langu. Tulikuwa kumi na mmoja. Wengine walisema wamependeza tangu wapake, na walikuwa kweli wamependeza. Jenifa akasema kwake si chunusi, uso unamchoma kama pilipili, na umekuwa mwekundu kwenye mashavu, kama siku zote akitumia sabuni yenye manukato.

"Wewe usipake cha mtu yeyote," Mzee Yoeli akamwambia. "Hata changu. Mimi si daktari. Kesho nenda hospitali, na ukienda sema nini umepaka." Jenifa akaenda kweli, akaambiwa ngozi yake ni nyeti, akapewa orodha fupi ya vitu anavyoweza kutumia; akasema ni mara ya kwanza mtu kumwambia kwamba hadeki.

Sisi wengine tukapanga foleni bombani. Maji yalikuwa ya baridi ya Julai, watu wakapiga kelele, besi wakapiga kelele kwa sauti ya kwanza. Tukakausha nyuso, tukaingia kuimba nusu saa tukiwa tumekatazwa kujigusa. Hujaona kwaya ikiimba kwa unyenyekevu namna ile. Kila mtu pua inamwasha, hakuna anayethubutu. Kisha karatasi zikaanza. Mzee Yoeli alibandika, akabonyeza kwa kidole kimoja kama anagusa kitufe, akabandua, akaandika jina kwa penseli. Yangu ilionyesha upande wa pili mpaka Praygod akasoma tangazo la kwaya kupitia humo. Ya Praygod mwenyewe ilikuwa na mafuta puani na kwenye paji, mashavu makavu. Mama mmoja mzee wa sauti ya kwanza alikuwa na ngozi ya kawaida kabisa, haina mafuta mengi wala ukavu, akazunguka na karatasi yake akituonyesha kama cheti. Siku hiyo hatukufanya mazoezi ya maana, lakini kila mtu alikwenda nyumbani anajua cha kununua na cha kuacha. Vikopo visivyohitajika vilirudishwa, na wenye ngozi kavu wakagawana.

Makambako ni mji wa upepo. Tuliposhuka pale uwanjani Jumapili asubuhi vumbi lilitupokea kabla ya wenyeji. Mzee Yoeli alikuwa na kikopo chake mfukoni, akapaka mikono, akawapakia na wale wenzake wakavu waliomzunguka kama vifaranga. Sisi wa mafuta tulibaki upande wetu na kofia zetu za jua. Chunusi zangu zilikuwa zimepungua nusu, nusu nyingine ilikuwapo. Nilipaka poda kidogo, nikaifuta, nikaamua kusimama na uso wangu.

Janeth alikuwa amekuja kutoka Ilembula na kwaya ya huko, akakaa mbele. Zamu yetu ilipofika Mzee Yoeli akakaa kwenye kinanda cha watu wasiomjua, akakunja mikono ya koti, akaanza. Mkono wa kulia ulikwenda kama maji. Ubeti wangu ulipofika nilisahau kuwa nina paji la uso. Nilimwona Janeth ameinua simu anatuchukua video, kisha akaishusha, akasikiliza tu.

Tulikuwa wa tatu kati ya kwaya kumi na moja. Njombe tulisherehekea kama wa kwanza. Wiliam alibeba cheti kichwani kutoka kwenye gari mpaka kanisani.

Paji langu lilitulia katikati ya Septemba, kama nilivyoambiwa. Yamebaki madoa mawili meusi ambayo Janeth anasema yatafifia yenyewe nisiposhikashika. Kwenye cherehani yangu sasa kuna boksi la tishu, na bibi harusi akija kupima gauni miezi miwili kabla ya ndoa, namuuliza uso wake unakuwaje saa sita mchana. Wengi hucheka kwanza, halafu wanafikiri, halafu wanajibu.

Novemba, mvua zilipoanza, nilimpelekea Mama Janeth gauni alilolitaka kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua limetoka kidogo baada ya manyunyu. Niliwakuta barazani. Mama Janeth amekaa kwenye kiti, goti lake linamsumbua tangu mavuno na hawezi kuinama kufikia miguu. Mbele yake kulikuwa na beseni la maji yaliyopoa, na Mzee Yoeli amekaa kwenye kigoda, mguu wa mkewe mapajani, anampaka mafuta kwenye magaga ya kisigino, taratibu, ufa kwa ufa, kama anavyopiga msasa ukingo wa meza.

Nikataka kurudi nyuma. Mama Janeth akaniona.

"Ingia, Ema. Usione aibu. Miaka thelathini na tano nimemngoja huyu ajifunze hili."

"Tulia, Mama Janeth," akasema mumewe bila kuinua kichwa, "bado mguu mmoja."